Kindi Aliyerushwa Juu ya Mawingu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, wakubwa kwa wadogo, msikie.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na serikali zao, palikuwa na mto mmoja na wakubwa wawili. Ng'ambo ya mashariki alitawala Tembo. Ng'ambo ya magharibi alitawala Nyati. Desturi ya mto ule ilikuwa hii: asubuhi anakunywa kwanza aliye mkubwa, na watu wake nyuma yake. Wa upande wa pili wanangoja. Wakifika, maji yameshakuwa tope.

Sasa nani mkubwa? Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi.

Tembo akakunja mwanzi mrefu, akaweka jiwe nchani, akauachia. Fyuuu! Jiwe likavuka mto. Nyati naye akakunja wake. Fyuuu! Likavuka. Wakatafuta mianzi mirefu zaidi na mawe makubwa zaidi, mpaka kila upande ukaweza kuwamaliza wenzao wote, na wenyewe kumalizwa papo hapo. Wakaogopa kurusha. Lakini mianzi waliiacha imekunjwa, imefungwa kwa kamba. Upepo ukivuma, kamba zinalia: kwiii, kwiii. Kila mama akisikia, anamvuta mwanawe karibu.

"Tusipigane," akasema Nyati. "Atakayefikisha kitu juu zaidi ndiye mkubwa."

Siku moja kitu kikapita juu ya vichwa vya watu wa Tembo. Chaka-chaka-chaka! Wote wakalala kifudifudi. Kilikuwa kibuyu cha Nyati, kina kokoto ndani. Kikapanda, kikaingia mawinguni.

"Ewe Masikio!" Nyati akapaza sauti. "Umesikia, au yameziba?"

"Leo kibuyu," Tembo akawaambia watu wake. "Kesho jiwe. Sisi tutapeleka aliye hai!"

Lakini Nyati akamtangulia. Alimtwaa kijana wa Mama Kicheche, akamweka kwenye mwanzi. Fyuuu! Watu wakatazama juu. Jua likapanda, jua likashuka. Kijana hakurudi. Watu wa Nyati wakapiga vigelegele, maana mwenzao amepita mawingu. Mama Kicheche peke yake alisimama mchangani, shingo ameinua.

"Na kushuka?" akauliza. "Mlipanga ashukeje?"

Akili zao zote zilikwenda kwenye kupanda. Kushuka hakuna aliyekufikiria.

Ng'ambo ya pili, Mama Kindi alikuwa anamwona Mama Kicheche. Alikuwa na watoto wawili pangoni mwa mti, bado wananyonya.

Asubuhi iliyofuata akaja Ngiri, askari wa Tembo.

"Hodi, Mama Kindi."

"Karibu, baba. Kwema?"

"Si kwema sana. Mkubwa anataka mtu mwepesi, mwenye kucha za kushika."

"Nikikataa?"

Ngiri akatazama kwato zake. "Amesema wanao ni wepesi zaidi."

Mama Kindi akageuka, akaingia pangoni. Aliwanyonyesha watoto wakashiba, akawapeleka kwa jirani yake, Nungunungu. Nungunungu akailaza miiba yake yote, taratibu, ili awapakate bila kuwachoma. "Nenda, shoga," akasema. "Hawa hawatalia nikiwapo."

Pale kwenye mwanzi Mama Kindi akauliza, "Mheshimiwa, nitashukaje?"

"Swali gani hilo?" akasema Tembo. "Kwani jiwe hubaki juu?"

"Jiwe halina watoto, mheshimiwa."

Tembo akageukia upande mwingine. Ngiri, alipokuwa anamweka sawa, akamsogezea jani la mvumo, ule mnazi wa porini, pana kama mkeka. "Ukianza kushuka, lishike juu ya kichwa," akanong'ona. "Mkubwa asijue."

Kamba ikakatwa. Fyuuuuu!

Mama Kindi akapanda. Akapita ndege. Akapita wingu, likamlowesha uso. Juu ya wingu kulikuwa na baridi, na kimya. "Kicheche! Kijana wa Kicheche!" akaita. Hakuna aliyeitika. Akatazama chini, mto umekuwa uzi. Akautafuta mti wa Nungunungu asiuone. Wanangu wako wapi? Wanangu wako wapi?

Akaanza kuanguka. Akalinyanyua jani. Pwaa! Likashika upepo. Lakini upepo ulikuwa wa kwenda magharibi, ukamsukuma, ukamsukuma, mpaka ng'ambo ya Nyati, penye miamba mitupu.

"Adui!" wakapiga kelele. "Ameletwa kutupeleleza! Mwacheni apasuke!"

Mama Kicheche akamwona anashuka. Hakuuliza ni wa nani. Alikimbia, akang'oa nyasi kavu kwa meno, akazitupa mwambani. Akakimbia tena. Peke yake. Halafu Swala akaja na nyasi mdomoni. Halafu Fisi. Nyasi zikawa lundo.

Puu! Mama Kindi akatua.

"Ametua kwetu!" akanguruma Nyati. "Tumeshinda!"

"Mwanzi ni wangu!" Tembo akalia kutoka ng'ambo.

"Nyasi zangu!"

"Kindi wangu!"

Mama Kicheche akainama lundoni. "Ulimwona mwanangu?"

Mama Kindi alitamani kudanganya. "Sikumwona, dada. Nilimwita, nikamwita."

Mama Kicheche akainua shingo tena, akatazama juu. Kisha akamfuta maji usoni. "Wanao wako wapi?"

"Ng'ambo."

"Panda mgongoni."

Akaingia mtoni, akikanyaga jiwe hadi jiwe, kati ya mianzi ya huku na mianzi ya kule. Kamba zikalia: kwiii, kwiii. Askari wa pande zote mbili wakazishika kamba kwa nguvu, isiponyoke hata moja.

Wakavuka. Nungunungu akafungua mikono. Watoto wakamrukia mama yao. Mama Kindi akamnyonyesha mmoja; wa pili akampa Mama Kicheche ampakate.

Tembo na Nyati hawakuacha kushindana. Kesho yake tu walikuwa wanautazama mwezi. Lakini tangu siku ile, hakuna mwanzi ulioachiwa kabla akina mama wa ng'ambo zote mbili hawajarundika nyasi za kutosha.

Fundisho ni hili, wanangu: mashindano yanaweza kumfikisha mtu juu sana, lakini anayeshindana hamwoni aliyepandishwa. Kabla ya kumpeleka mwenzako mahali, hakikisha njia ya kumrudisha kwa watoto wake. Na anayeanguka mpokee, hata akiwa wa ng'ambo.

Hadithi yangu imetua hapo.