Jua Ndani ya Chungu

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mawe, kulikuwa na desturi kwamba atakaye kujenga nyumba hufunga kamba kiwanjani, ikapigwa mbiu, na jirani mwenye pingamizi akaenda kulitoa mbele ya Sultani.

Basi tajiri Muhidini akafunga kamba, akitaka kujenga nyumba ya ghorofa tatu. Jirani yake, Mwanatumu, alikuwa mjane fukara aliyelea watoto wake kwa kuuza achari ya ndimu. Watu walimwita punguani, kwa kuwa husema na ndimu zake akizianika uani. Akaenda barazani.

“Bwana wangu, ghorofa zile zitanilia jua langu.”

Tajiri akacheka. “Jua lako! Tangu lini, bibi wee? Ulilirithi kwa nani?”

Sultani naye akatabasamu. “Ewe Mwanatumu, kama jua ni lako, lilete hapa baada ya siku saba nilione. Ukishindwa, Muhidini atajenga, nawe utawatekea mafundi wake maji.”

“Nitalileta, bwana wangu. Lakini nitalifunika, lisije likamwagika njiani.”

Baraza zima likaangua kicheko.

Siku ya saba akaja na vyungu viwili. Sultani akafunua cha kwanza.

“Mbona naona ndimu?”

“Jua ndilo hilo, bwana wangu. Ukilikodolea macho litakuumiza. Lionje.”

Sultani akaonja, akafumba macho, akaonja tena. Kumbe ndiyo achari aliyokula na pilau kila Ijumaa, asijue inatoka ua gani!

“Na chungu cha pili?”

“Hicho ni kivuli cha tajiri. Ndimu ni zilezile na chumvi ni ileile, ila niliziweka nyuma ya ukuta wa kiwanja chake, jua lisikofika. Kwa adabu, aonje mwenyewe kwanza.”

Kifuniko kilipoondolewa, ukungu ulikuwa umeota kama ndevu, na mawaziri wakaziba pua kwa vilemba. Sultani akacheka hata machozi yakamtoka.

“Haya, Muhidini, chagua. Ujenge nyumba isiyozidi kimo cha ua wa jirani yako, au ujenge ghorofa zako tatu, na kila Ijumaa uje ule pilau nami, mimi kwa jua lake, wewe kwa kivuli chako.”

Tajiri akakitazama kile chungu.

“Bwana wangu,” akasema, “mimi tangu utotoni ngazi zinanichosha.”