Kizimba Kimoja, Walalamikaji Watatu

Sogeeni. Mwenye haraka aende zake sasa hivi, kwa sababu hadithi hii ikiisha hakuna ruhusa ya kuondoka bila kujibu.

Katika jiji ambalo sitalitaja, maana wakubwa wake hawapendi kusemwa, walikuwapo watu watatu waliofanya biashara kando ya barabara moja. Siwatu alikuwa fundi cherehani. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa na miaka tisa. Kusema anasema, ila kusikia hasikii hata ngurumo. Alisoma midomo, tena aliisoma vizuri kiasi kwamba majirani walizoea kumpa mgongo wakitaka kusengenya. Sefu Chande, fundi redio, hajaona jua tangu azaliwe, lakini neno likishaingia sikioni mwake halitoki. Muulize ulichomwambia mwaka juzi, atakurudishia chote pamoja na kikohozi chako. Wa tatu, dada Perpetua, aliuza viatu vya mitumba, ingawa miguu yake mwenyewe haijawahi kutembea. Alikwenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu aliyoizungusha kwa mikono. Kabla ya viatu alikuwa mpiga chapa wa mahakama miaka kumi na moja, na huko ndiko alikojifunza kutoogopa karatasi.

Jiji likajenga soko jipya. Likatangaza kwamba wafanyabiashara wa barabarani wote waombe vizimba, yaani vyumba vidogo vya kuuzia, vitagawiwa kwa kura, kisha barabara itasafishwa na atakayekutwa vitu vyake vitabebwa. Watatu wale wakaenda kuomba. Ofisa wa soko, bwana Lukindo, akawatazama mmoja mmoja.

"Nyinyi wazee wangu, soko hili litawasumbua," alisema. "Lakini haya, jazeni fomu."

Wakajaza. Siku ya kura majina yao hayakusomwa kabisa, si kwa waliopata wala kwa waliokosa.

Siwatu alishindwa kutulia. Huyu ni mtu ambaye mguu wake hukanyaga pedali hata akiwa amekaa kwenye kochi la watu. Kila asubuhi aliacha nguo za wateja, akaenda kusimama nje ya dirisha la kioo la ofisi ya soko, akijifanya anasubiri huduma. Wiki nne zikapita, na wateja wakaanza kumnunia. Siku moja, saa tano, kioo kikiwa kimefungwa, Lukindo alimwambia karani wake: "Wale walemavu niliwapa fomu za njano. Za njano haziingii kwenye kura, ziko kwenye droo." Siwatu akayasoma maneno yote, akaondoka karibu anakimbia. Bila yeye, wenzake wangekufa wakiamini walikosa bahati tu.

"Huo ni ubaguzi," alisema Perpetua, "na ubaguzi una dawati lake pale ofisi za jiji." Tatizo ni kwamba malalamiko hupokelewa ndani ya siku thelathini tangu kura, na kesho yake ndiyo ilikuwa ya thelathini. Akaandika kurasa mbili palepale, juu ya boksi la viatu. Kesho yake wakafika masijala saa nane mchana.

"Acha hapo mama, nitaipeleka," alisema karani, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani.

"Gonga muhuri wa leo, unipe nakala."

"Mwenye muhuri ametoka."

"Nitamsubiri."

Perpetua akaigeuza baiskeli yake mlangoni, ikakaa kiubavu, akakaza breki. Wa ndani hawakutoka, wa nje hawakuingia. Walimtukana, hakusogea. Ofisi hufungwa saa tisa na nusu, na Siwatu hakuuondolea macho mshale wa saa. Saa tisa na dakika ishirini muhuri ukapatikana, mfukoni mwa karani yuleyule. Ungegongwa kesho yake, malalamiko yale yasingesomwa na mtu yeyote.

Wakaitwa mbele ya kamati. Lukindo akasema siku wanayodai walipewa fomu alikuwa safarini, watu hawa hajawahi kuwaona, na fomu za njano ndiyo kwanza anazisikia. "Halafu mama huyu ni kiziwi," akaongeza. "Amesikia wapi?" Siwatu aliiona kamati ikicheka.

Sefu akamgusa mkono. Ndivyo walivyozoeana: akitaka kusema humgusa kwanza, ili amtazame mdomo.

"Sauti hii ndiyo iliyotupa fomu," alisema Sefu. "Nyuma yake redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Alitangazwa mwalimu Yosia Mbwilo, mazishi saa kumi. Bwana huyu akasema, masikini, alinifundisha hesabu darasa la sita. Akapunguza sauti ya redio."

Mwenyekiti akatuma mtu redioni. Tangazo lile lilisomwa mara moja tu, siku ileile, saa nne asubuhi. Wakatazama na shule aliyosoma Lukindo, wakamkuta Mbwilo huko. Droo ikafunguliwa, fomu zao tatu za njano zikakutwa humo. Bila kumbukumbu ya Sefu, lingebaki neno la ofisa dhidi ya neno la kiziwi, na mmeshaona kamati ilivyolipokea.

Barua ikatoka: malalamiko yamethibitika, Lukindo ameondolewa. Ila vizimba vimeshagawiwa, kimebaki kimoja, karibu na lango, hakina ngazi. Apewe mlalamikaji mmoja. Jina liandikwe kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Lisipoandikwa, kizimba kirudi kwenye kura ya watu wote. Na Jumamosi magari ya jiji yanaanza kusafisha barabara.

Najua mmeshaanza kunong'ona kwamba wagawane. Waliuliza. Jina moja, biashara moja, ndiyo kanuni ya soko. Wakauliza kuhusu rufaa. Rufaa ipo, huchukua miezi sita, na anayekata rufaa hapewi kitu mpaka iishe.

Ijumaa, saa tano na nusu, walikuwa mbele ya meza ya karani wa soko wakigombana, watu waliokunywa chai pamoja miaka minane.

"Bila muhuri wangu mlikuwa na hadithi tu," alisema Perpetua.

"Na bila mimi muhuri wako ungeonekana umegongwa kwenye uongo," alisema Sefu.

"Bila mimi msingejua hata mnalalamikia nini," alisema Siwatu.

Wakawa wanasema kwa pamoja. Siwatu akiutazama mdomo huu, ule unampita. Alidaka nusu tu: Perpetua akisema afadhali wakatae wote watatu, kwamba kupokea kimoja ni kukubali kudharauliwa, Sefu akijibu kwamba heshima hiyo yeye hana pa kuiweka Jumamosi mvua ikinyesha. Siwatu alikitaka kizimba kile. Alikitaka mpaka akajionea aibu.

Mwishowe Perpetua akamsukumia karatasi na kalamu. "Andika wewe. Mimi nikishika kalamu nitajiandika mwenyewe, najijua."

Sefu akamgusa mkono. "Na mimi jina lolote utakaloniambia umeliandika, nitaamini."

Karani amenyoosha mkono. Ni saa sita kasoro dakika nne. Mstari ni mmoja. Siwatu anamtazama Perpetua, anamtazama Sefu, na mguu wake unakanyaga sakafu bila kukoma.

Mimi nimefika hapo. Wewe uliyekaa mbele, na wewe uliyejificha kule nyuma, ishikeni kalamu hiyo. Mngeandika jina la nani, au mngeurudisha mstari ukiwa mtupu? Na mkishamaliza, mngemsomea nini Sefu Chande?