Samaki wa Birika la Tima

Mtoa samaki birikani, mbu ni mgeni wake. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani maneno hayo, mkacheka, kisha mkaniuliza samaki anatafuta nini kwenye maji ya kuogea. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, mjini kwetu, kila nyumba ya mawe ilikuwa na birika la chokaa la maji ya kuogea na kutawadhia, na ndani yake samaki wadogo wawili watatu. Tima aliolewa hapa akitokea bara, kwa watu wa maji ya mto. Alikuwa msafi kupita kiasi. Alifagia hata palipokwisha kufagiwa. Samaki wale walimtia kinyaa, lakini alivumilia mpaka alipomzaa mwanawe Shee.

Mkwewe, Bi Somoe, alipokwenda kumwuguza dada yake mji wa pili, Tima aliona nafasi ndiyo hiyo. Akalikausha birika, akalisugua kwa mchanga, samaki akawatupia paka. Maji mapya yakang'aa hadi chini, naye akafurahi kweli.

Baada ya wiki mbili mbu wakajaa nyumbani. Haukupita muda Shee akashikwa na homa. Alitetemeka, akakataa ziwa la mama, macho yakageuka. Tima akaingiwa na hofu. Alifukiza ubani, akadeki chumba, akamwogesha mtoto kwa maji yale yale. Kila alipozidi kuosha, ndivyo mtoto alivyozidi kuungua.

Bi Somoe akarejea asubuhi moja. Alimgusa mjukuu wake, akaenda moja kwa moja birikani.

"Samaki wako wapi, mwanangu?"

"Niliwatoa, mama. Nilitaka maji yawe safi."

"Maji haya ni nadhifu, na nadhifu ni ya macho. Safi ni ya afya. Twahara ni ya ibada. Samaki hakuharibu hata moja. Yeye ndiye aliyekuwa akila hivi."

Akachota maji kwa kata, akaiinua. Ndani yake viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikijinyonganyonga, vingi kama ufuta. Tima akachungulia ndani ya kata.

"Mama, nimemuua mwanangu?"

"Bado anapumua. Mimi namwita tabibu. Wewe nenda kaombe samaki, usije ukazaa mwingine ukamwua vivyo hivyo."

Tima akatoka na bakuli, mlango hadi mlango. Kila mahali aliulizwa, "Wako wamekwenda wapi?" Alijibu huku sikio lake liko nyuma, akiogopa kusikia kilio kikipasuka nyumbani kwake. Kwenye mlango wa tatu hakungoja kuulizwa.

"Mtoa samaki birikani, mbu ni mgeni wake," alisema akilia. "Nipeni samaki, jamani, mwanangu anaungua."

Akapewa wawili. Alipofika kwake alisimama nje ya mlango, hathubutu kuingia, mpaka aliposikia mtoto akikohoa.

Shee alipona baada ya siku tisa. Tima hakupona. Hata mwanawe alipoota ndevu, kila jioni alimshika kipaji cha uso, akizuia pumzi mpaka akione kimepoa. Ninajua, kwa sababu Shee ndiye aliyenizaa, na mkono ule wa bibi yangu uliwahi kunishika mimi pia.

Basi mkiona birika linang'aa, chungulieni kwanza. Mtoa samaki birikani, mbu ni mgeni wake.