Kiti cha Mnarani na Bomba la Chenso

Sogeeni mkae, na asiye na pa kukaa aegemee. Hadithi hii ni ya watu waliochoka, na mimi mwenyewe leo sina mbio. Msinikatishe tu, nikipoteza uzi siurudii mwanzo.

Katika milima ya misonobari, upande wa Mafinga, palikuwa na kambi mbili za kukata miti: Kambi ya Juu na Kambi ya Bondeni. Hapa tutashughulika na watu watatu wa Kambi ya Juu.

Lukelo alikuwa mkataji, na kipawa chake kilikuwa sikio. Akisikia chenso, ule msumeno wa mnyororo, ikilia ng'ambo ya bonde, alikwambia imeshikwa na nani na petroli yake imechanganywaje.

Sigfrida alikuwa fundi bati, na kipawa chake kilikuwa mikono. Pipa lililotupwa aliligeuza kuwa ndoo, au faneli. Fuawe, kile chuma cha kufulia bati, hakuwa nayo. Bati alilikunjia juu ya goti lake, hivyo hivyo tangu usichana.

Kastori alikuwa mchomeleaji, na kipawa chake kilikuwa jicho. Bati jembamba ambalo wengine wangelitoboa, yeye aliliunga, ukilijaza maji hayavuji.

Sasa njooni kwenye kiti. Juu ya mlima kuna mnara wa kuangalia moto, na juu ya mnara kuna kibanda chenye kiti kimoja. Mwenye kiti hicho anatazama moshi na kusikiliza simu ya upepo, ile redio ya kuitana, basi. Hakati, habebi, hainami. Ukishinda miaka unabeba magogo huku unakiona kile kiti kutoka chini, unakitamani mpaka unaona aibu.

Desturi yao ilikuwa hivi: kiti kikibaki wazi, kila kambi inaleta chenso yake ya kazini, yanalazwa magogo mawili yaliyolingana unene, na kambi itakayomaliza kukata kwanza inatoa mtu wa kukaa. Kuiongezea chenso kifaa cha kununua hakuruhusiwi. Cha kutengeneza kwa mikono, ruksa.

Mzee wa mnarani alipostaafu, Bondeni walikuwa na chenso changa. Ya Juu ilikuwa inakohoa.

"Tuibadilishie bomba la moshi," Lukelo alisema. "Mlio ukitoka kwenye injini unakimbia ndani ya bomba, unagonga mwisho uliobanwa, unarudi. Ukirudi kwa wakati wake, unaikuta petroli mbichi inatoroka na moshi, unaisukuma ndani tena. Nguvu inaongezeka."

"Na usiporudi kwa wakati?" Sigfrida aliuliza.

"Ni kelele tu."

Sigfrida akakata pipa, akakunja koni mbili, moja ya kupanuka na moja ya kubana. Kastori akaziunga. Wakalifunga bomba kwenye chenso, wakaijaribu uani, na hapo ndipo walipokosea. Ilikuwa siku ya mapumziko, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuburuta gogo. Wakaiwasha ikiwa imelala chini, haikati chochote. Ikalia vizuri mno. Kesho yake mnyororo ulipoingia kwenye mti, ikakata roho.

"Tumeipima ikiwa imepumzika," Lukelo akasema kwa uchungu. "Ikiwa kazini inazunguka polepole. Bomba ni fupi, mlio unawahi kurudi."

Nyie mngeanza upya? Mimi ningelala. Wao walianza upya.

Sigfrida alitakiwa kuongeza kipande katikati, na bati lililobaki lilikuwa la kitako cha pipa, gumu. Alilipiga juu ya goti lile lile mpaka likakubali. Alipotaka kuinuka, goti halikukubali.

Kastori alitakiwa kuunga kipande hicho mahali pembamba, na kioo chake cheusi cha kukinga macho kilikuwa kimechubuka, hakioneshi mshono. Alikivua. Mshono ulitoka safi, lakini tangu siku hiyo vitu vya mbali akaviona vina ukungu.

Lukelo naye alitakiwa kusikiliza chenso ikiwa ndani ya mti. Alitoa pamba masikioni, akainamisha kichwa karibu na injini. "Punguza bomba kidogo," alimwambia Sigfrida. "Tena kidogo. Hapo hapo!" Alipoizima, mlio haukuzimika kichwani mwake, na mpaka leo ukimwita kwa sauti ya kawaida hageuki.

Siku ya shindano bomba lile liliitikia gogo. Juu walimaliza, Bondeni wakiwa bado wanatoa vumbi la mbao. Watu wakapiga makofi, na wale watatu wakakaa juu ya gogo walilolikata kwa sababu kusimama kulikuwa kazi.

Msimamizi wa msitu, Mama Vaileth, akaja. "Hongereni. Nani anakwenda mnarani?"

"Mimi," Kastori akasema. "Bila mshono wangu wangebaki na vipande vya pipa."

"Ungeunga nini, kaka?" Sigfrida akadakia. "Bila goti langu ungechomelea upepo."

"Mnasemaje?" Lukelo akauliza. Wakarudia kwa kupaza sauti. Akatikisa kichwa. "Bila sikio langu mngekuwa na faneli ya mafuta ya taa."

Mama Vaileth akawatazama mmoja mmoja. Ngazi ya mnara ni ndefu, na Sigfrida hapandi hata kizingiti bila kushikwa. Moshi huanzia mbali, na Kastori haoni mbali. Simu ya upepo hunong'ona, na Lukelo hasikii. Moto usipoonwa mapema, kambi zote mbili zinaungua na watu wake.

"Niwapandishe wote watatu?" alijiuliza kwa sauti. Lakini kibanda kina nafasi ya mtu mmoja, na wawili lazima warudi kwenye magogo. Mkataji wa Bondeni, aliyeshindwa, alikuwa amesimama pembeni, mzima wa goti, jicho na sikio. Aliona haya kukiomba kile kiti.

Mama Vaileth akageuka kuwauliza tena wale watatu. Walikuwa wamelala, wameegemeana juu ya gogo, mchana kweupe, na bomba bado lilikuwa la moto miguuni mwao.

Mimi nimefika mwisho wangu. Mama Vaileth bado amesimama pale, na hataki kuwaamsha kabla hajajua la kuwaambia. Je, ungekuwa wewe, ungemwamsha nani umwambie apande, na wale wawili ungewaambia nini wakifumbua macho?