Ndoo Saba za Bi Sikudhani

Mama mmoja alikuwa na ndoo saba, na hakuwa tena na shamba. Shamba lake lilikuwa mlimani. Masika yale ubavu wa mlima ulipoporomoka, nusu ya shamba ilishuka mtoni pamoja na jiko na kuta mbili za nyumba. Jina lake Bi Sikudhani. Binti yake Semeni alimfuata, akamleta mjini Morogoro, kwenye vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, vyenye kibaraza ambacho kila asubuhi hufikiwa na ukungu wa milima ileile.

Bi Sikudhani hakulalamika. Alikaa kibarazani akitazama milima inavyotokea na kupotea, akila vijiko vitatu na kuweka sahani chini. Siku moja aliomba ndoo zilizokatika mikono. Akazitoboa chini kwa msumari wa moto, akazijaza udongo, akapanda mchicha na figili. Semeni alishangaa kuona mtu anatoboa ndoo isiyovuja. Mama yake akamweleza kwamba maji yasipopata pa kutokea, huozesha mizizi.

Kisha akatafuta samadi ya mbuzi, akaifunga ndani ya kipande cha gunia na kuitumbukiza katika pipa la maji. Akalifunika. Siku kumi na nne alilikoroga kila asubuhi kwa mti, polepole, kama mtu anayekumbuka jambo. Jirani wa chini aliuliza kama ghorofa ya tatu wameanza kufuga. Mbolea ilipoiva, Bi Sikudhani alichota kopo moja, akaongeza makopo kumi ya maji, hadi ikawa nyepesi kama chai ya mgonjwa. Hiyo ndiyo aliyoinywesha mimea, kidogo, mara moja kwa wiki. Udongo wa ndoo huchoka upesi, alisema, na mche uliomo haupati kitu ila unachopewa.

Semeni alimpenda mama yake. Hilo asilitilie mtu shaka. Alikuwa mwalimu wa darasa la saba, amezoea kuwaharakisha watu kuelekea mtihani. Alileta uji wa lishe, alileta vidonge, alileta akina mama wa jumuiya waje kuomba na kuimba. Alimkataza kutazama milima sana. Alijaza sahani, akasimama pembeni mpaka iishe, na kila ilipobaki alitoa mawaidha, na mawaidha yote yalikuwa ya kweli. Bi Sikudhani aliitikia yote, akazidi kukonda.

Habari zikamfikia Mzee Kobelo, kaka mkubwa wa Bi Sikudhani, na katika ukoo wao mjomba ndiye mwenye kauli. Akaagiza kwamba atashuka Jumapili. Akimkuta dada yake bado anakonda, atapanda naye mlimani. Semeni aliijua njia ya kule juu, ambako mgonjwa hubebwa kwa kitanda nusu siku kabla ya kuona gari. Alijua pia kwamba mama akipandishwa, hatashuka tena.

Alhamisi, mama yake akiwa amejilaza ndani, Semeni alisimama mbele ya zile ndoo. Mchicha ulikuwa mfupi, rangi yake imefifia. Alitaka mjomba akute kijani. Akawaza kwamba kama kopo moja katika kumi linafaa, basi lisilochanganywa litafaa mara kumi. Akafunua pipa. Akamimina ile mbolea nzito, nyeusi, ndoo ya kwanza hadi ya saba, wala hakubakisha hata moja, maana hakutaka kupendelea.

Jumamosi majani yalikuwa yameungua pembeni kama nguo iliyopitiwa na pasi. Kufikia adhuhuri mchicha ulikuwa umelala. Semeni alikaa kwenye kiti kando yake, usingizi ukamchukua. Akaota amesimama ndani ya udongo hadi magotini, na juu yake mtu asiyemwona anammiminia kitu chenye joto, anamwita jina lake kwa upendo, na kumimina, na kumwita. Alitaka kusogea. Hakukuwa na pa kusogelea.

Aliamka kwa sauti ya maji. Mama yake alikuwa anamwagia ndoo maji matupu, kopo baada ya kopo, mpaka yakatoka kwenye matundu ya chini, kwanza meusi, kisha ya kahawia, kisha meupe. Semeni alijaribu kusema kwamba alikuwa na nia njema. Bi Sikudhani hakugeuka.

"Najua, mwanangu," alisema. "Shambani mzizi ukikutana na kikali, hukwepa. Ndani ya ndoo utakwepea wapi?"

Jumapili Semeni alipakua upawa mmoja tu wa wali, akauweka, naye akaketi sakafuni kando ya mama yake. Hakutoa mawaidha. Wote wawili wakatazama milima. Kisha Bi Sikudhani akaanza kusimulia habari za lile jiko: lilivyokuwa na mafiga aliyoachiwa na mama yake, na jinsi lilivyokwenda bila kelele, kama mtu anayeondoka kwa adabu. Akalia, mara ya kwanza tangu masika. Semeni hakumnyamazisha. Mama yake alipomaliza kulia alikula, akasogeza sahani mbele aongezwe.

Mzee Kobelo alikuwa amesimama mlangoni, kamba ya kufungia godoro la dada yake mkononi. Aliona ndoo tano za majani makavu na mbili ambazo mimea yake bado imesimama. Alimwona dada yake, mwembamba vilevile, akisubiri sahani yake irudi. Akavua viatu, akaketi, akaomba naye apakuliwe. Jioni alipanda mlimani peke yake, na kamba yake.

Nawe uliyempokea mtu aliyeng'olewa kwao, ukampanda ndani ya nyumba yako: najua humnyimi kitu. Lakini katika hicho unachommiminia kila siku, umetia maji kiasi gani?