Mlinzi Aliyeuliza Mara Moja

Nitoe, nisitoe?
Toa, tukusikie!
Ngano yangu ina kiu.
Inyweshe!

Basi, mwaka wa ukame mkubwa wanyama walibakiwa na kisima kimoja, na kisima kile kililindwa na kompyuta. Ndani yake mlikuwa na faili la zamu. Jina lako likiandikwa humo, lango linafunguka, kwaa, unakunywa. Lisipoandikwa, huna maji.

Kompyuta ina kiini, ule moyo unaoamua nani aguse nini. Mtunzaji wa kiini alikuwa Bi Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Mwenyekiti wa kisima, mwandikaji wa majina, alikuwa Kiboko. Kiboko akaandika: Kiboko. Kesho yake akaandika: Kiboko. Keshokutwa, Kiboko. Wanyama wakamvua uenyekiti, wakamwondolea ruhusa ya kuandika. Asubuhi faili likasomeka: Kiboko.

Sange akashinda siku tatu akikichungulia kiini. Watoto wawili wa Swala wakafa. Mama yake Sange akalala, hainuki. Siku ya tatu Sange akaona. Kiini kilimwuliza mtu ruhusa pale anapofungua faili tu. Akishafungua, haulizwi tena. Na Kiboko alilifungua zamani, alipokuwa angali mwenyekiti, wala hakulifunga.

Sange akaandika ukaguzi upya: kila neno, kila herufi, uliza kwanza. Lakini kiini kipya hakishiki mpaka mashine izimwe na kuwashwa, na Kiboko alikuwa ameilalia swichi kwa tumbo lake lote.

Sange akamwendea. Akamweleza kwamba faili limechoka kuandikwa kila siku. Mashine ikizimwa na kuwashwa, litapokea jina moja la daima.

"La nani?" akauliza Kiboko.

"La atakayeizima kwa mguu wake, bwana mkubwa."

Kiboko akainuka. Akakanyaga, pu, ikazimika. Akakanyaga, pu, ikawaka. Akaandika: Kiboko.

"Huna ruhusa," ikajibu mashine.

Akaandika tena. Huna ruhusa. Akaandika mpaka kidole kikavimba. Huna ruhusa.

Mwenyekiti mpya, Bi Kanga, akaandika jina la kwanza: Sange. Lango likafunguka, kwaa. Sange akateremsha kata, ikakwaruza chini, koro-koro, ikapanda na tope. Kiboko alikuwa amekimaliza.

Akalibeba tope kwa jani mpaka nyumbani. Mama yake hakufumbua kinywa. Sange akampaka midomo kwa tope lile, taratibu, kisha akaketi kando yake.

Wenzake wakaja kuuliza kesho waandike nani.

"Andikeni yeyote," akasema, hakugeuka. "Ukaguzi uko sawa."

Funzo lake, wanangu, kwa kinywa cha Kiboko: aliyeruhusiwa jana msimwulize leo. Maswali mengi hukausha visima.

Ngano imefika ukingoni. Kilicho kitamu bebeni. Kilicho kichungu nimekwisha kukimeza.