Jembe la Chui Mlangoni kwa Bi Mwamini

Hapo zamani za kale, zamani kweli, si ile ambayo babu yako anajidai kuikumbuka, wanyama walikuwa na nyumba, na milango, na majirani wambea kama wenu. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muhogo huko nyuma, tafuna taratibu, utakosa mambo!

Basi. Mzee Kiboko na mkewe walishikwa na hamu ya likizo. Walitaka kwenda kwenye chemchemi za maji moto, wakaloweke migongo yao mpaka mwezi mpya uandame. Mizigo imefungwa, mikeka imekunjwa, safari imeiva. Shida ilikuwa moja tu: mbwa wao, Bi Mwamini. Alikuwa jike la makamo, mnene, mpole, goti bovu. Safari haiwezi. Nani atamlea?

Wakawaita wenye nia waje uani wajieleze.

Fisi alifika wa kwanza. "Mimi nampenda mbwa, jamani, nampenda!" Udenda ukawa unamdondoka, to, to, to, mpaka vidoleni.

"Tunaona unavyompenda," akasema Bi Kiboko. "Njia uliyojia ni hiyohiyo, rudi nayo."

Akaja Chui. Lo! Ameoga, amejipaka mafuta, madoa yanameta, anatembea kama sakafu itamchafua.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Bi Mwamini nitamlea kama roho yangu."

Mzee Kiboko alikwishaanza kutikisa kichwa kukubali. Mkewe akamfinya. "We Chui ni kapera. Mwanamume asiye na mke, kutwa kucha nyumbani kwangu na mbwa jike? Majirani watasema nini?"

Na ni kweli, Chui alikuwa kapera sugu. Katika nchi ile, anayetaka mke alichukua jembe jipya, chuma kitupu kisicho na mpini, akaliweka kizingitini kwa mama wa binti. Hiyo ndiyo posa, hakuna maneno mengi. Chui jembe alikuwa nalo, chini ya kitanda, limefungwa kwenye gunia. Ila ubahili! Aliona heri azeeke na jembe lake.

Ndipo kikasikika kijisauti kutoka juu ya jiwe: "Nipeni mimi!"

Alikuwa Pimbi. Uani pakaangua kicheko, kwa, kwa, kwa!

"Wewe?" akauliza Mzee Kiboko. "Hata mkia huna!"

"Mkia ni wa kufukuzia nzi, Mzee. Mimi nafukuza wakubwa."

Bi Kiboko akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kile kikampa Pimbi kazi. Lakini Mzee Kiboko aliinama, pua yake kubwa ikamgusa Pimbi kwenye paji la uso. "Sikiliza, kijana. Nikirudi nisipomkuta Bi Mwamini, au nikamkuta amepungua hata sikio, nitakukalia."

Pimbi akayatazama makalio ya Mzee Kiboko. Yalianzia hapa, yakaishia kule. 

"Nendeni salama," akasema, akasogea nyuma kidogo. Kidogo tu.

Vumbi la wasafiri halijatua, Chui huyo, ameegemea ukuta.

"We kidude," akasema kwa upole, "mbwa yuko ndani?"

"Yuko, Kaka Chui. Amefunga mlango kwa komeo. Hakufungulii."

"Basi atakufungulia wewe. Nikija, umwambie afungue. Mimi nile, wewe nikuachie mifupa ukajengee fensi. Ukikataa, naanza na wewe. Hutanishibisha, lakini utanifungua kinywa."

Tazama balaa! Akimtoa mbwa, atakaliwa na Kiboko. Akimficha mbwa, ataliwa na Chui. Mimi na wewe tungelia. Pimbi alijikuna shingo, akachangamka kama aliyeitiwa pilau.

"Kaka Chui, mbona unanitisha na sisi ni ndugu? Nitamfungulisha. Ila hawa majirani! Unamjua Ngiri na mkewe? Wanachungulia mpaka chungu cha mtu. Wakikuona hapa mikono mitupu, watapiga yowe kabla hujatia jino. Uje kama kibarua. Oga, jipake mafuta, beba jembe. Nitasema umekuja kulima bustani."

"Jembe ninalo," akasema Chui, "ila jipya. Halina mpini."

"Mpini ninao mimi."

Chui akakunja uso. "Hebu ngoja. Jembe jipya, bila mpini, mlangoni... si kama posa hiyo?"

"Kaka! Wewe una nia ya kuoa?"

"Sina!"

"Basi itakuwaje posa?"

Chui akafikiri. Akafikiri tena. Tumbo likanguruma, guruguru, likamkata kauli. "Una akili wewe," akasema.

"Ndivyo wasemavyo," akajibu Pimbi.

Jua lilipopanda kesho yake, Chui akaja. Anang'aa! Jembe liko begani, jipya, linametameta. Alipofika mlangoni akahitaji mikono yote miwili kwa kazi aliyoijia, basi akaliweka jembe chini. Wapi? Kizingitini. Akachomoa makucha, chwi! Akapiga hodi.

Pimbi alikuwa juu ya paa. Sasa jueni, pimbi ni mdogo, lakini koo lake! Alivuta pumzi mpaka akawa duara, akaachia:

"Kwiiii! Kwiii-kwiii! Njooni jamani, posa imeingia! Chui anaoa!"

Milango ikafunguka, pa! pa! pa! Ngiri akaja mbio na mkewe, mkia juu. Nyumbu akaja na sabuni usoni. Bi Kobe akaanza safari.

"Hongera, bwana harusi!" akapiga kelele mke wa Ngiri. "Nasi tulisema atazeeka na lile jembe!"

"Si posa!" Chui akanguruma. "Si posa hata kidogo!"

Ngiri akalitazama jembe. Akayatazama makucha. Akautazama mlango uliofungwa, na wenyewe wako safarini. "Kama si posa, ndugu yangu," akauliza polepole, "ulifuata nini?"

Majirani wakasogea karibu. 

Chui akatazama kulia, akatazama kushoto. Akayarudisha makucha, moja moja. Jasho likamtoka mpaka mafuta yakamchuruzika.

"Ni... ni posa," akasema.

"Lililililiiii!" Vigelegele vikapasua anga. Komeo likalia, Bi Mwamini akatoa mkono kama Pimbi alivyomfundisha usiku, akalivuta jembe ndani. Kwisha! Posa imepokewa.

"Binti yuko kwa bibi yake, nyuma ya milima," Pimbi akatangaza kutoka paani, na kwa furaha ile hakuna jirani aliyeuliza binti yupi. "Bado wanamfunda. Wewe anza kumtunza mama mkwe."

Na mkwe, jamani, ni mkwe! Mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani, unaingia porini apite. Huli mbele yake. Unamletea kuni, unamtekea maji. Ukimvunjia heshima, watu watakutungia nyimbo mpaka wajukuu wako wazikimbie.

Siku za mwanzo Bi Mwamini alitetemeka kila alipomwona Chui. "Pimbi mwanangu, huyu atanila siku moja."

"Mfuate uone," akasema Pimbi.

Bi Mwamini akachechemea hatua chache kuelekea kwa Chui. Chui akafunika uso, akaruka pembeni, chubwi, mtaroni. Bi Mwamini akasogea tena. Chui akatumbukia kwenye miiba. "Ala!" akasema Bi Mwamini. Tangu siku ile akawa anatembea kijiji kizima kifua mbele, na Chui mbele yake anarukaruka kama bisi kwenye kikaango. Kuni zikajaa uani, rundo likapita paa. Mbwa akanenepa. Chui akakonda, mbavu zikahesabika.

Lakini njaa ikizidi, adabu huhama. Adhuhuri moja majirani wote wako mashambani, Pimbi juu ya paa akamwona Chui anakuja tumbo chini, masikio nyuma. Hana kuni. Hana maji. Ana meno. Bi Mwamini amelala barazani, sahani ya ugali ubavuni.

Koo la Pimbi, koo lile lile la kelele, likakauka. Akajaribu kupiga yowe, ikatoka pumzi. Akang'oa nyasi za paa, akazitupa. Nyasi zikapepea, moja ikatua puani kwa Bi Mwamini.

Bi Mwamini akapiga chafya, akafungua jicho. Chui huyo, hatua moja!

Hakukimbia. Kwa goti lipi? Aliiinua sahani, akatabasamu, akasema kwa sauti tamu: "Mkwe wangu! Karibu tule sahani moja!"

Kula na mama mkwe! Uso kwa uso! Chui hakuwahi hata kufikiri. Mikono ikaruka yenyewe ikafunika macho, miguu ikageuka yenyewe, akatimka kipofu, moja kwa moja kwenye rundo la kuni alizozileta mwenyewe.

Gwararara-ra-ra! Bub!

Na kabla gogo la mwisho halijatulia, ardhi ikatetemeka: tii, tii, tii. Mzee Kiboko na mkewe hao, wametakata, wananukia maji moto, na nyuma yao majirani wanakuja mbio kutoka mashambani kuona mshindo ule.

"Mwamini wangu!" akalia Bi Kiboko. "Umenenepa! Na kuni zote hizi nani kaleta?"

Kichwa cha Chui kikachomoza kati ya magogo, nundu kubwa katikati ya masikio. "Mimi, mama. Nimechoka. Nipeni mchumba wangu niende."

"Mchumba gani?"

"Binti wa Bi Mwamini!"

Bi Kiboko akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama mbwa. "Mwanangu," akasema Bi Kiboko, "Mwamini hajazaa tangu azaliwe."

Macho yote yakapanda paani. Pimbi alikuwa amekaa, amekunja nne, anachokoa meno kwa kijiti.

"Kaka Chui," akasema, "umeleta jembe, umeleta kuni, umeleta maji. Mara ngapi uliulizia binti? Ulikuwa unamtamani mama tu!"

Kijiji kikacheka mpaka Bi Kobe, aliyekuwa bado njiani anakuja kwenye posa, akafika akacheka naye. Chui akaondoka bila kuaga, na jembe akaliacha. Pimbi akalitia mpini, Bi Mwamini analimia mpaka leo.

Nanyi mkale mlale, na fundisho mlibebe: anayepiga hodi na nia ya kuficha asilalamike kwa jina atakalopokelewa nalo.